Mashauri ya Bwana Stoo

Bwana Stoo alistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata akahamia jikoni.

Hakuhamia na kitanda. Alihamia na kiti. Alikiweka kati ya jiko na kabati la vyombo, mahali ambapo mtu hawezi kupita kutoka huku kwenda kule bila kuomba njia, akakaa, akamtazama mkewe akikata vitunguu. Alitazama kitambo kizima. Kisha akatoa maoni kwamba ubao uko kushoto na sufuria iko kulia, kwa hiyo kila kitunguu kinasafiri safari isiyo ya lazima.

Mkewe akasema, "Mm."

Karibu miaka yote ya ndoa yao Bwana Stoo alikuwa mkuu wa stoo ya saruji, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watoto wake mwenyewe wakimsema chinichini. Alikuwa mtu wa kazi kwelikweli. Hakuchelewa, hakuugua siku ya kazi, na vijana aliowafundisha kupanga mifuko walitoka mikononi mwake wakiwa wamenyooka kama mifuko yenyewe. Mkewe aliishi naye vizuri sana miaka hiyo, kwa sababu hakuwepo. Alitoka jua halijachomoza, akarudi limezama, akala, akalala. Mke, ambaye tangu usichana aliitwa Bi Taratibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, aliiendesha nyumba kwa mwendo wake, na hakuna aliyemuuliza vitunguu vinasafiri kwenda wapi.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, sebule na ua wa nyuma. Zamani iliwatosha wao wawili na watoto wanne, na wageni wakija walipata pa kulala. Sasa watoto wote wameoa na kuolewa, wamebaki wao wawili, na nyumba haitoshi.

Bi Taratibu alivumilia. Mume aliyapanga upya makopo ya kabatini kwa urefu, kama gwaride, ikawa chumvi iko nyuma ya unga na majani ya chai hayajulikani yalipo. Mke akayatafuta. Mume akauliza kwa nini sakafu inafagiliwa kuanzia mlangoni kuja ndani na si kuanzia ndani kwenda mlangoni. Siku hiyo mke alikwenda kukaa uani peke yake mpaka kitoweo kikashika chini ya sufuria, jambo ambalo Bwana Stoo alilieleza vizuri, sababu na dawa yake.

Basi alasiri moja akaja binti wa dada wa Bi Taratibu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha soda, upande wa kuhesabu vizibo. Alikuja kusalimu tu. Katika mazungumzo akasema kiwandani wamekosa wakaguzi wa chupa. Wanaajiri vijana, vijana hawakai. Kazi yenyewe ni kukaa na kutazama. Hawadai cheti, wanataka mtu mwenye macho mazima na aliyetulia, lakini kijana akikaa siku tatu anasinzia, na asiyesinzia anachomoa simu mfukoni.

Aliyasema hayo kama umbea wa kawaida, wala hakuwa na mtu akilini. Bi Taratibu akaacha kufuta sahani.

"Ni siku nzima?" akauliza.

"Asubuhi mpaka saa kumi, mama mdogo."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

Bi Taratibu akaiweka sahani chini. "Niombee nafasi," akasema.

Alitegemea mumewe angekataa, na alikuwa ameshajiandaa kwa hoja mbili tatu. Hazikutumika. Bwana Stoo alipoambiwa alinyanyuka kwenye kiti chake cha jikoni, kwa mara ya kwanza kabla ya chakula kuiva, akakibeba hadi sebuleni na kumkalisha mkewe juu yake. Tangu astaafu hakuwa na mtu wa kumfundisha kazi, na sasa mwajiriwa mpya amempata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mafunzo yakaanza jioni ileile. Afike kabla ya anayefungua geti. Asiwe wa kwanza kucheka wala wa mwisho. Ale na wenzake lakini asisimuliane nao. Akikosea aseme mwenyewe kabla hajasemewa, maana kosa ukilisema wewe ni kosa, akilisema mwingine ni tabia. Na zaidi ya yote asikubali kukaa karibu na dirisha.

"Dirisha limewamaliza wafanyakazi wengi kuliko mashine," akasema. "Mtu akikaa dirishani hayupo kazini. Ametoka zamani. Kilichobaki ni mwili unaongoja mwisho wa mwezi."

Bi Taratibu alisema amesikia. Mengine aliyasikia akiwa amelala.

Kiwandani alipewa aproni, buti za mpira, kofia ya kufunika nywele na vizibo vya masikio, akapelekwa kwa msimamizi wa mkanda unaobeba chupa. Msimamizi alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wake, mwembamba, asiyepandisha sauti hata kidogo. Mashine zilivuma pande zote, naye aliongea kana kwamba yuko chumba cha mgonjwa, kwa hiyo ilikubidi umsogelee na kumtazama mdomo. Hakuna aliyemwomba arudie mara mbili.

Kazi ilikuwa hivi. Chupa tupu zilizorudi kutoka madukani huoshwa kwenye mashine kubwa kama nyumba, zinatoka upande wa pili zikitoa mvuke, zinapanda mkanda na kupita mbele ya kioo cheupe chenye taa kali nyuma yake. Mkaguzi hukaa mbele ya kioo hicho. Yenye ufa, anaitoa anaitupa kwenye pipa la vigae. Yenye uchafu, anaiweka kwenye kreti irudi kuoshwa. Zilizobaki zinakwenda kujazwa na kufungwa vizibo, na mbele zaidi kuna kioo cha pili cha kuzikagua tena zikiwa na soda ndani. Macho huchoka upesi, kwa hiyo wakaguzi hupokezana: mmoja anakaa, mwingine anapanga makreti, kisha wanabadilishana.

Kiti alichopewa kilikuwa karibu na dirisha. Bi Taratibu alikitazama, akaangalia kama kipo kingine. Hakikuwepo. Akakaa.

Siku ya kwanza alizifuata chupa kwa kichwa. Inakuja, anaipokea kwa macho, anaisindikiza mpaka inapotea, anarudi kuipokea nyingine. Alipofika nyumbani ukuta wa sebule ulikuwa ukienda upande wa kushoto, polepole, kama mkanda, na Bwana Stoo akiwa juu yake. Alimwambia mumewe kwamba kazi ni nzuri, akaenda kulala na viatu.

Msimamizi alikuwa ameona. Kesho yake alichuchumaa kando ya kiti.

"Mama, usiitazame chupa," akamwambia. "Ukiitazama utaondoka nayo. Wewe tazama taa. Chupa ni kitu kinachopita mbele ya taa. Ikiwa na kasoro, kasoro yenyewe itakuita."

Alijaribu. Mwanzo hakuona chochote ila mwanga. Kisha, katikati ya wiki, akiwa amekata tamaa na kutazama tu kama mtu anayetazama mvua, mkono wake ukanyooka wenyewe ukachukua chupa. Aliigeuza. Shingoni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliitupa kwenye pipa, ikalia vizuri, na akajisikia furaha ambayo hakuitegemea kwa umri wake na mahali pale.

Macho yalikuwa yamekubali. Akili ndiyo iliyokuwa na mambo yake. Macho yakibaki kwenye taa, akili ilivua aproni, ikatoka getini, ikapanda kilima, ikafika nyumbani kuangalia kama Bwana Stoo amezima jiko. Ikishafika huko haikuwa na haraka ya kurudi. Ilipita chumba hadi chumba, ikafungua makopo, ikagombana na mtu. Akija kushtuka, chupa nyingi zimepita na yeye hana hakika ameziona au amezitazama tu. Aliyepokezana naye zamu, mwanamume mmoja wa makamo ambaye wenzake walimwita Kimya, hakuonekana kuwa na shida hiyo. Alikaa mbele ya taa kama gogo. Bi Taratibu hakuwahi kusikia sauti yake.

Simu ya kwanza ilikuja wiki ya pili. Simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini, na Bwana Stoo alilijua hilo na aliliunga mkono. Kwa hiyo aliomba namba ya ofisi kwa binti wa shemeji yake, akapiga huko. Karani akaja mbio hadi kwenye mkanda kusema kuna dharura nyumbani. Kimya akakaa mahali pake, na Bi Taratibu akatembea kwenda ofisini kwa mwendo ambao watu wa mtaani kwake wangekwenda kuutazama. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama watoto," Bwana Stoo akasema, "umekaa mgongo umenyooka?"

Simu ya pili ilihusu chumvi. Hakuiona. Bi Taratibu alimweleza kwamba iko nyuma ya unga, alipoiweka yeye mwenyewe siku ya gwaride. Alipogeuka, msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hapana," akasema Bi Taratibu. "Kuna mstaafu."

Msimamizi alitikisa kichwa kama mtu anayeyajua maradhi hayo. Lakini alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba simu ya tatu hataitiwa.

Jioni hiyo Bi Taratibu alimkataza mumewe kupiga simu kazini, naye akakubali bila kinyongo. Sheria ni sheria. Kama angekuwa yeye ndiye msimamizi angekataza simu ya kwanza. Alichokisikia, hata hivyo, ni kwamba kupiga simu kumekatazwa. Kuhusu kwenda mwenyewe hakuna aliyesema neno.

Alianza kwa koti la mvua, siku ambayo mawingu yalikuwa machache na ya mbali. Akalikabidhi kwa mlinzi wa geti, kijana mpole aliyekuwa mgeni kazini kama Bi Taratibu. Kisha akaona si adabu kuondoka bila kuzungumza. Katika kuzungumza akagundua kwamba mlinzi yule anasimama mahali pasipofaa, anashika fimbo ya kizuizi kwa mkono usio wenyewe, na anawasalimu madereva kabla hajawakagua. Kesho yake akarudi na miwani, ingawa mkewe havai miwani. Keshokutwa hakuja na kitu. Mlinzi alishamwekea ndoo ya kukalia.

Bi Taratibu hakujua lolote mpaka siku aliyomwona.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa kwenye kiti chake, mbele ya taa, na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Pembeni mwa jicho, kwenye dirisha, kitu kikapunga mikono. Hakugeuka. Kikapunga tena. Safari hii aligeuka.

Uwanjani kulikuwa na lori limesimama getini, na mbele ya lori alisimama mumewe, kiganja kimenyooshwa kama anayezuia mto. Kisha akaanza kulizunguka. Aliinama kutazama chini yake. Aligonga tairi moja kwa ngumi, akasikiliza, akagonga la pili. Nyuma yake mlinzi alifuata akigonga palepale alipogonga yeye. Dereva alishuka, akawatazama wote wawili, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana anauliza ni yupi kati yao ameajiriwa.

Bi Taratibu alitazama mpaka tairi la nne. Yeye mwenyewe alikuwa ameonywa juu ya dirisha, tena usiku wa kwanza kabisa. Ila hakuonywa kwamba atakayekuwa nje ni yule aliyemwonya.

Aliporudisha macho kwenye taa, chupa zilikuwa zikipita kama kawaida. Muda kidogo baadaye mkanda ukasimama.

Kiwanda kikisimama ndipo mtu anapojua kilikuwa na kelele kiasi gani. Ulibaki mlio wa maji yanayodondoka. Watu walivua vizibo vya masikio wakatazamana. Huko mbele, kwenye kioo cha pili, Kimya, aliyekuwa amepangwa huko siku hiyo, alikuwa amenyanyua mkono, na mkono wa pili ulishika chupa iliyojaa soda na kufungwa kizibo.

"Mrija," akasema Kimya. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, na hakuongeza kitu.

Ndani ya chupa ulikuwemo mrija wa kunywea, umekunjwa, umegandia ukutani, wala mashine ya kuosha haikuung'oa. Mtu yeyote anayetazama taa angeuona. Utaratibu ulikuwa kwamba ikipatikana moja ya namna hiyo, zote zilizo kati ya kioo cha kwanza na cha pili zitolewe na zimwagwe. Watu wakaanza kutoa na kumwaga. Hawakumsema Bi Taratibu. Walizifungua moja moja, wakamwaga, na harufu ya sukari ikajaa ukumbini.

Msimamizi akaja.

"Mama, ulichoka macho?"

Palikuwa na nafasi hapo, na alifunguliwa mlango wa kupita. Bi Taratibu aliufikiria. Kisha akakumbuka lile shauri la kulisema kosa mwenyewe, na ilimuudhi kwamba lilikuwa shauri zuri.

"Sikuchoka. Nilitazama nje."

"Ulitazama nini?"

"Mume wangu."

Msimamizi alikwenda dirishani, akaegemea kioo. 

"Yule anayegonga matairi?"

"Ndiye."

"Ni mlinzi mpya?"

"Hapana. Ni mume wangu tu."

Hakufukuzwa. Alitolewa kwenye taa akapelekwa upande wa kuosha makreti, na muda wake wa majaribio ukaongezwa. Mlinzi wa geti alipewa onyo, na ndoo ikaondolewa. Bwana Stoo aliambiwa kwa heshima zote kwamba akionekana tena karibu na geti lile ataitiwa watu.

Kwenye makreti maji yalirushwa toka kila upande, na mtu alishinda ameinama, ameloa hadi magoti, akisugua lebo zilizogandia. Waliokuwa huko walikuwa vijana wenye mabega. Walimpa kreti nyepesi, wakamwita bibi, wakamwonea huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuuma. Aliiomba kazi hii ili atoke nyumbani, hakujificha kwa hilo. Lakini sasa, akiwa na brashi mkononi na maji ndani ya buti, aligundua kwamba anaikumbuka taa. Alikumbuka jinsi mkono unavyonyooka wenyewe. Ilikuwa miaka mingi hajatamani kitu ambacho hakihusiani na mtu yeyote wa nyumbani kwake.

Alipofika nyumbani hakwenda jikoni. Aliketi sebuleni na nguo zake mbichi. Bwana Stoo alikuwa ameketi kitambo, amevaa shati la kutokea, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema.

"Umenisaidia mpaka makreti."

Bwana Stoo alitazama mikono yake. Alieleza kwamba yule mlinzi alikuwa hafai kabisa, na sasa angalau anajua kukagua tairi. Alieleza na mambo mengine. Mkewe alimwacha aseme, na maneno yakapungua yenyewe mpaka yakaisha.

"Asubuhi ukitoka," akasema Bwana Stoo baadaye, "nasikia mlango ukifungwa. Halafu sisikii kitu. Stoo palikuwa na kelele, malori, vijana. Hapa nikikaa nasikia saa ya ukutani. Sikujua kama tuna saa ya ukutani."

"Ipo tangu tuhamie."

"Sikuwahi kuisikia."

"Mimi nimeisikia miaka yote," Bi Taratibu akasema.

Hakulisema kwa ukali. Lilikuwa jambo lililotokea, kama kreti au mrija. Mumewe alinyanyua uso akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuwa na shauri.

"Sasa sikiliza, baba watoto," akaendelea. "Kesho naenda kuosha makreti. Nikiyaosha vizuri watanirudisha. Ukiwa na jambo la kuniambia, liweke mpaka jioni."

"Nikilisahau?"

"Basi halikuwa jambo."

Bwana Stoo alinuna siku mbili tatu hivi. Baada ya hapo akaanza kuweka. Jioni mkewe akirudi alimkuta ameyapanga mambo yake kichwani, akayatoa moja baada ya jingine wakati wa chakula. Mengi yalikuwa yamekwisha kufa njiani. Alianza kusema, akasita, akasema hilo basi, akaenda kwa linalofuata. Yaliyobaki hai mke aliyasikiliza, na akagundua kwamba mumewe akiwa na mambo machache huwa na akili sana.

Jioni moja alimuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza. Alimuuliza kama kule stoo akili yake ilikuwa ikitoroka.

Bwana Stoo alitafuna kwanza. Akasema ilikuwa ikitoroka kila siku, hasa baada ya chakula cha mchana, na asiyetorokwa na akili ni mfuko wa saruji. Mwanzoni alikuwa akipigana nayo, na kupigana nayo ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwishowe aliacha. Ikitoka, aliitazama imekwenda wapi, akapataja mahali hapo kwa neno moja, basi. Shamba. Ada. Jino. Ikishatajwa ilikuwa inaona haya, inarudi yenyewe.

"Hilo mbona hukuniambia siku ya kwanza?" mkewe akauliza.

"Lilikuwa dogo," akasema Bwana Stoo. "Nilianza na makubwa."

Bi Taratibu alirudishwa kwenye taa mwezi uliofuata. Msimamizi hakutoa hotuba, alikuja tu upande wa makreti, akachukua brashi mkononi mwake, akampa aproni kavu. Kiti kilikuwa kilekile na dirisha lilikuwa palepale. Getini mlinzi alikuwa akilizunguka lori, akigonga matairi, peke yake, na kwa kweli alikuwa akifanya vizuri. Bi Taratibu alitazama taa.

Akili ikatoka. "Jiko," akanong'ona. Ikarudi. Ikakaa kidogo, ikatoka tena. "Mlango." Chupa zikapita. "Mjukuu." Mkono ukanyooka ukachukua yenye ufa. "Jiko." Kimya, aliyekuwa akipanga makreti nyuma yake, aliusikia mnong'ono huo siku kadhaa na akadhani mama wa watu anasali. Akawa anapunguza kugonganisha makreti kwa heshima ya sala, na kelele zilipopungua kazi ikawa nyepesi zaidi. Bi Taratibu hakumsahihisha. Angemsahihisha ingebidi waongee.

Muda wa majaribio ulipokwisha msimamizi alimwita kando akamwambia amethibitishwa kazini. Alimwambia pia kwamba wiki ijayo anamletea kijana mpya akae naye, amwonyeshe. Bi Taratibu aliuliza amwonyeshe nini. Msimamizi akasema amwonyeshe tu, asimwambie mambo mengi. Alisema hayo akitazama dirishani.

Habari hiyo aliibeba nyumbani akitembea polepole, apate kuifurahia njia nzima. Bwana Stoo hakuwepo. Kiti cha jikoni kilikuwa kitupu. Alipika peke yake, ubao kushoto na sufuria kulia, na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa mumewe alipoingia, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

Fundi seremala wa nyuma ya nyumba yao alikuwa na viti vingi vya ukumbi vya kumaliza, na alihitaji mtu wa kupiga msasa. Bwana Stoo alikwenda kumweleza jinsi ya kupanga mbao zake kwa urefu. Fundi alimsikiliza, akampa kipande cha msasa, akamwonyesha kiti. Alikuwa ameshinda huko tangu asubuhi.

Aliosha mikono, akaketi, akala kama mtu aliyetoka kazini. Mkewe alimweleza kwamba amethibitishwa. Aliacha kula, akampa mkono juu ya meza, rasmi kabisa, kama alivyokuwa akiwapa vijana wake wa stoo, na hakuuachia upesi.

Kisha akarudi kwenye sahani. Alikula kidogo, akionekana kuwa na jambo.

"Kazi yenyewe naipenda," akasema hatimaye. "Shida yake yule fundi ni moja tu. Mtu umeinama unapiga msasa, yeye yuko juu ya kichwa chako. Shika hivi, kata huku, nyoosha mgongo. Hamwachi mtu akafanya kazi."

Bi Taratibu alimsogezea bakuli la mchuzi.

"Mm," akasema.

"Kesho nitamwambia," akasema Bwana Stoo. Akafikiri kidogo. "Au nitangoja mpaka jioni."